Motisha, na kwa nini fedha haiiongezi kila mara

Motisha ni kile kinachomfanya mtu aanze jambo na asiliache njiani. Wanasaikolojia huigawa mara mbili. Ya ndani hutokana na kazi yenyewe: inampendeza mtu, au anaiona ni wajibu wake. Ya nje hutoka kando: mshahara, zawadi, faini, kiboko. Ugumu ni kwamba mbili hizi hazijumlishiki. Ukiongeza ya nje, ya ndani yaweza kupungua.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake, huko Marekani, waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Wengine walipewa cheti hichohicho bila kuambiwa mapema, na wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilirudishwa mezani, safari hii bila zawadi, na walioahidiwa wakachora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hamu yao haikupungua, kwa hiyo ubaya haukuwa wa cheti. Ulikuwa wa lile sharti la “ukichora, nitakupa”.

Faini nayo ina vituko vyake. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walieleza mwaka 2000 jinsi vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, vilivyoanza kuwatoza wazazi shekeli 10 kwa kuchelewa kuwachukua watoto. Wachelewaji wakazidi, karibu mara mbili. Faini ikafutwa, na hawakurudi kuwahi. Zamani mzazi aliona haya mbele ya mwalimu. Sasa alijiona amenunua muda.

Hapa kwetu Kenya mfano mzuri uko Watamu, mji wa pwani kusini kidogo ya Malindi. Mvuvi akinasa kasa kwa bahati mbaya huwapigia simu wahifadhi, nao huja wakampima, wakamtia alama na kumrudisha baharini. Mvuvi hupewa fedha kidogo. Wako wanaouona huo ni ubahili. Mimi naona ndipo penye akili. Kiasi kikiwa kikubwa, haitachukua muda kabla mtu hajatega kasa makusudi ili alipwe kwa kumwachia. Pasipokuwa na kitu kabisa, aliyepoteza asubuhi yake na pengine wavu umechanika atabeba hasara peke yake, na nyama ya kasa ina wanunuzi wa siri ingawa sheria inakataza. Fidia ndogo inamwondolea hasara, na wema unabaki kuwa wake.

Haya hayana maana kwamba fedha ni sumu. Kupara samaki wa kuuza tangu alfajiri hadi adhuhuri si jambo la kupenda (labda wapo wanaolipenda, sijawaona), kwa hiyo hakuna hamu ya kuharibiwa: lipa, tena lipa vizuri. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wanasema motisha ya ndani hulishwa na mambo matatu: kujiamulia, kuhisi unaweza, na kuwa karibu na watu. Zawadi inayomwambia mtu “umeweza” hukuza hamu. Ile inayomshika kama hatamu huipunguza.

Kwa hiyo mzazi anayetaka kumwahidi mwanawe shilingi 50 kwa kila kitabu atazame kwanza. Kama mtoto hagusi kitabu kabisa, hakuna kikubwa cha kupoteza. Kama tayari anajifungia chumbani akisoma, amnunulie kingine, asimwambie mapema.