Ukiunganisha peji mbili za biashara, posti za zamani hazihamii

Wenye biashara wengi hapa Tanga, kuanzia wauza vitenge wa Ngamiani mpaka wenye gesti kule Raskazone, wanajikuta na peji mbili za Facebook zenye jina lilelile, moja alifungua kijana wa dukani akaondoka, nyingine imetokea yenyewe tu mteja alipoandika kwamba yuko hapo. Na wengi wanaamini ukiziunganisha basi kila kitu kinajumlishwa, picha, posti, rivyuu, wafuasi. Inaeleweka, maana neno lenyewe ni kuunganisha.

Ila kinachojumlishwa ni wafuasi, laiki na zile alama za watu kusema wako kwako, basi. Peji uliyochagua inabaki kama ilivyo, ile nyingine inafutwa na posti zake, picha, rivyuu na nyota zote, na ukishathibitisha hairudi tena. Hapo ndo naumia, maana maneno ya mteja aliyekusifia miaka ile ni mtaji kabisa.

Halafu lazima uwe admini wa zote mbili, majina yafanane na ziwe za kitu kimoja, ya nguo na ya chakula haziunganishwi hata kama mwenyewe ni wewe.

Usiniamini mimi tu, ingia sehemu ya msaada ya Facebook yenyewe usome, na kabla hujabonyeza kuthibitisha soma kila mstari taratibu. Pakua kwanza nakala ya ile peji inayofutwa, na rivyuu nzuri zipige skrinshoti moja moja.