Saruji ya stoo si akiba

Huku Mbeya mtu wa kipato kidogo akitaka nyumba huambiwa: "Usiweke hela, itakuponyoka. Nunua vifaa kidogo kidogo." Ushauri mzuri, ila una shimo moja, nalo ni saruji.

Tofali za kuchoma hazina shida. Zikiiva vizuri tanurini, zikapangwa kiwanjani na kufunikwa juu, zitakungoja hata miaka 2. Saruji haingoji. Inageuka jiwe ikikutana na maji, na unyevu wa hewani nao ni maji. Mfuko wa karatasi hauuzuii, hasa kwetu ambako mvua huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Ikipita miezi 3 hivi, nguvu imeshapungua, hata kama mfuko haujachanika. Ingiza mkono: ukikuta madonge yasiyosagika kwa vidole, hiyo si ya msingi wala lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Fundi atasema, "Tuchekeche tu." Chekecheo linatoa madonge, nguvu halirudishi. (Mifuko yangu 6 niliyolaza sakafuni iliishia kuziba matope njia ya chooni.)

Kwa hiyo anza na kiwanja na karatasi zake, kisha mawe na tofali. Nondo zinavumilia zikiinuliwa toka ardhini na kufunikwa. Hela ya saruji iache kwenye kikoba au benki, uitoe wiki ile ile fundi anapoanza kuchanganya zege.