"Aina A" si aina ya mtu

"Mimi ni Aina A bwana, siwezi kukaa bure." Sentensi hii husemwa kwa fahari, kana kwamba hiyo A ni alama ya mtihani. Wengine huisema kwa hofu: wamejibu maswali kumi kwenye simu, wakaambiwa ni Aina A, na tangu hapo kila kichomi kifuani ni mshtuko wa moyo unaobisha hodi. Na wapo wanaoichanganya na kundi la damu A, ambalo ni habari nyingine kabisa.

Maana yenyewe ni fupi. Aina A ni mtindo wa tabia wa mtu mwenye haraka isiyokwisha, anayeshindana hata pasipo na mashindano, na anayewaka upesi akicheleweshwa. Aina B ni mtu asiye na hayo. Si lazima awe mvivu. Anaweza kufanya kazi kutwa nzima na kufika mbali, ila saa haimfukuzi.

Tatizo ni lile neno "haiba", yaani hulka ya mtu, ambalo watu wamelibandika mbele yake. Waliobuni dhana hii hawakulitaka. Meyer Friedman na Ray Rosenman walikuwa madaktari wa moyo huko San Francisco, Marekani, na makala yao ya mwaka 1959 ilizungumzia mtindo wa tabia unaoonekana kwa macho. Haiba ni kitu mtu anakuwa nacho popote aendapo. Mtindo wa tabia, kwa jinsi walivyoueleza, hujitokeza pale mtu mwenye mwelekeo huo anapokutana na jambo linalomchokoza: foleni, tarehe ya mwisho ya kazi, mpinzani. Ukiondoa kichokoo, huenda usiuone kabisa.

Nayo herufi A haina siri yoyote ndani yake. Friedman alisimulia kwamba maombi yao ya fedha za utafiti yalikuwa yakikataliwa kwa sababu yalitaja msongo wa kihisia, na wakaguzi wakaona madaktari wa moyo wanaingilia shamba la wataalamu wa akili. Wakashauriwa watumie jina lisilo na maana yoyote, ndipo zikaja A na B. Yaani leo watu wanajivunia herufi iliyochaguliwa ili isiseme kitu.

Kisa cha fundi wa viti nacho hupenda kusimuliwa, na mimi nakipenda. Fundi aliyeitwa kubadilisha vitambaa vya viti vya chumba cha kusubiria katika kliniki yao alishangaa kuona vimelika ukingo wa mbele wa sehemu ya kukalia na sehemu za kushikia tu, huku migongo ikiwa mizima. Wagonjwa wa moyo walikuwa wanakalia ncha ya kiti. Madaktari hawakulitilia maanani neno lake hadi baadaye.

Jinsi walivyompima mtu ndiyo sehemu ninayotaka msomaji aione vizuri. Hawakutegemea karatasi ya kujaza. Mhojaji aliyefunzwa alikaa na mhusika, akauliza maswali ya kawaida, na mengine akayauliza kwa makusudi polepole, akijikwaakwaa katika swali ambalo jibu lake lilishajulikana. Kisha akaangalia. Je, mtu anamkatiza? Anammalizia sentensi? Sauti inapanda, taya zinakaza, ngumi inafumbwa? Alichokijibu mtu kilikuwa na uzito mdogo kuliko alivyokijibu. Sasa linganisha na lile jaribio la kwenye simu linalokuuliza kama "unapenda kumaliza kazi kwa wakati". Nani atasema hapendi?

Utafiti wao mkubwa ulianza mwaka 1960 huko California, ukiwa na wanaume 3,154 wenye umri wa miaka 39 hadi 59, wote wakiwa hawana ugonjwa wa moyo. Wanawake hawakuwemo hata mmoja, jambo ambalo watumiaji wa msamiati huu husahau. Baada ya miaka minane na nusu, watu 257 walikuwa wameugua: 178 wa Aina A na 79 wa Aina B. Makundi yalikuwa karibu sawa kwa idadi, kwa hiyo hatari ya Aina A ilikuwa kama mara mbili, hata baada ya kuzingatia uvutaji sigara, presha na kolesteroli. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1975, ndiyo yaliyoisambaza herufi duniani.

Wengi wameishia hapo. Lakini mwaka 1985 utafiti mwingine mkubwa wa Marekani, uliofanywa kwa watu wenye hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, haukuona uhusiano wowote. Mwaka 1988 ikawa ajabu zaidi: walipofuatiliwa wale wanaume wa California waliokwisha kuugua, wa Aina A walikuwa wanakufa kwa kiwango cha chini kuliko wa Aina B. Pia nyaraka za kampuni za tumbaku zilipofunguliwa kutokana na kesi mahakamani, ilidhihirika kwamba kampuni hizo, Philip Morris ikiwemo, zilikuwa zimefadhili utafiti wa Aina A kwa miaka mingi. Faida yao iko wazi: kama moyo unauawa na tabia ya mtu, sigara inapata pa kujificha.

Hata hivyo dhana haikufa yote. Watafiti walipoipasua vipande vipande, haraka na bidii vikaonekana havina madhara makubwa. Kilichoendelea kuonekana ni uhasama: kutowaamini watu, kuwadhania mabaya, kuweka hasira moyoni. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta hasira na uhasama vinaambatana na ongezeko la takriban asilimia 19 la matukio ya ugonjwa wa moyo kwa watu waliokuwa wazima. Si kitu cha kupuuza, lakini katika utafiti wa nchi 52 uliotoka mwaka 2004, wavutaji sigara walikuwa na uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo karibu mara tatu ya wasiowahi kuvuta. Ukubwa wa vitu hivi haulingani.

Njia yenyewe inaeleweka vya kutosha. Ukikasirika, adrenalini humwagika, moyo hupiga kwa kasi, mishipa hubana, presha hupanda, na chembe zinazogandisha damu huwa tayari kushikamana. Mwenye mishipa mizima hutulia baada ya dakika kadhaa. Mwenye mishipa iliyokwisha kujaa mafuta yumo hatarini zaidi, kwa sababu utando wa mafuta ukipasuka, donge la damu hufunga njia. Kuna pia njia ya kuzunguka, ambayo naiona haipewi haki yake: mwenye msongo huvuta zaidi, hulala kidogo, na husahau dawa za presha.

Hapa ndipo "stresi" na "Aina A" hutumiwa kama kitu kimoja, na mimi hupandwa na presha. Stresi ni kile kinachotokea kati ya mtu na mzigo wake. Mtu wa Aina B aliyefiwa, au anayefanya kazi asiyo na sauti juu yake, ana stresi tele. Na kama ni lazima tutumie herufi, ipo pia Aina D, aliyoieleza mwanasaikolojia Johan Denollet: mtu mwenye huzuni na wasiwasi ambaye hauonyeshi kwa sababu anaogopa kukataliwa. Huyo hana makelele wala haraka, na hakuna anayejisifu kuwa yeye.

Basi ndugu yangu, ukisema una haraka, au unapenda kushinda, tutakuelewa bila herufi. Ukitaka kuzungumzia moyo, tutajie presha yako, utuambie kama unavuta, kisha mwulize unayeishi naye huwa unawaka mara ngapi kwa wiki. Ukijihesabia wewe mwenyewe, utajipunguzia.