Uraka si gongo, tuelewane

Nimelisikia hili mara nyingi mno sasa. Kundi limetoka Dar kuja kula wikiendi, wamelala Mikindani, hapa Mtwara, asubuhi wameogelea, mchana jua limekuwa kali mmoja anauliza hivi kile kiwanda kidogo cha bia ya korosho kiko wapi tukaonje, na mwenzake anamjibu kwa kujiamini kabisa, "Ile siyo bia bwana, ile ni gongo ya mabibo." Wote wawili wamekosea, ila wa pili amekosea vibaya zaidi.

Kinywaji wanachokisema ni uraka, na uraka ni juisi ya mabibo iliyochacha. Basi. Bibo ni lile tunda laini, jekundu au la njano, ambalo korosho inaning'inia chini yake, kwa hiyo korosho yenyewe haimo kabisa kwenye hiki kinywaji, hiyo inaenda ghalani kusubiri mnada. Unaponda mabibo, unakamua, unachuja kwa kitambaa, unaacha, na chachu iliyoko kwenye ganda la tunda inaanza kazi yenyewe bila kuongezewa kitu. Na bia siyo, kwa sababu bia inatoka kwenye nafaka, shayiri au mtama au ulezi, wakati uraka unatoka kwenye tunda, kiukoo uko karibu na mvinyo. Hapo kwenye bia sina ugomvi mkubwa, mgeni anatafuta neno la karibu.

Ugomvi wangu uko kwenye gongo.

Gongo inapikwa. Unachukua kitu kilichokwisha kuchacha, unakitia kwenye pipa, unaziba, unawasha moto chini, juu linatoka bomba linapita kwenye maji baridi. Kilevi kinachemka kwenye nyuzi kama 78, maji yanangoja mpaka 100, kwa hiyo mvuke wenye kilevi kingi ndo unaotangulia, unapoa ndani ya bomba, unatoka matone matone. Kamusi inasema kukeneka, mtaani tunasema kupika tu. Uraka haujawahi kuona moto. Ndiyo, unaweza kuupika uraka ukapata gongo, na mabibo makavu, yale wanayoyaita kochoko, yanalowekwa na kupikwa hata msimu ukishapita, lakini hata nazi ukiipika unapata mafuta na hakuna anayekwenda sokoni akanyoosha kidole kwenye nazi akasema nipe mafuta.

Angalia na majina yenyewe. Gongo kwa Kiswahili ni fimbo nene, rungu, na mtu aliyewahi kuinywa haulizi kwa nini. Huku kusini wengine wanaiita nipa, na ukivuka Ruvuma ukaingia Msumbiji ni nipa hiyohiyo. Serikali nayo ina jina lake, inaiita moshi, kuna sheria kabisa ya mwaka 1966 inayohusu utengenezaji wa moshi, na wengi wakiisikia wanadhani ni habari za mji wa Kilimanjaro au za viwanda kuchafua hewa. Rungu, nipa, moshi, yote ni ya kitu kilichopita motoni.

Sasa neno uraka. Hili ndo ninalolipenda. Kule Goa, India, kuna kinywaji cha mabibo kinaitwa urrak. Hebu litamke taratibu. Mkorosho asili yake ni Brazil, Wareno ndio waliousambaza karne ya 16, wakaupeleka Goa na wakauleta pwani yetu, na ndo maana Kiswahili kina neno kanju, limetoka kwenye caju la Kireno, na hilo nalo Wareno walilichukua kwa wenyeji wa Brazil. Njia moja ya bahari, tunda moja, jina karibu moja. Na nyuma ya urrak kuna neno la Kiarabu araq, maana yake jasho, kwa sababu ya yale matone yanayodondoka kwenye bomba. Mimi naamini uraka wetu ni ndugu wa hilo jasho. Ila sasa ona kilichotokea, Goa urrak inapikwa, mara moja, wakiipika tena inakuwa feni. Huku kwetu jina limekuja likakaa kwenye kitu kisichopikwa kabisa. Kwa hiyo mtu aliyefika Goa akinibishia kwamba uraka ni kitu cha moto nitamwelewa. Goa ndiyo. Newala, Tandahimba, Masasi, hapana, na neno linasema kile wanachokisema watu wanaolitumia.

Kuna anayeniambia nakuza mambo, ni pombe tu. Msimu mmoja nilikuwa na wageni, njia ya kwenda Nanyamba, tukasimama kwa bibi mmoja chini ya mkorosho. Ndoo mbili zimefunikwa kitenge, nyuki wanazunguka, dumu la manjano pembeni kifuniko amekilegeza makusudi maana ukikikaza dumu linavimba kama lina mimba. Mgeni wangu akasema kwa sauti, tena kwa furaha, "Shikamoo bibi, tupimie gongo yako tuonje." Bibi hakuitikia. Akaangalia barabarani kwanza, kushoto, kulia, ndo akageuka, "Marahaba mwanangu. Hapa gongo hakuna, hapa kuna uraka. Usinitangazie nisichouza."

Hilo la kuangalia barabarani limenikaa. Gongo ukikutwa nayo ni kesi, kuipika bila leseni ni kosa, kuiuza ni kosa. Uraka ni pombe ya kienyeji kama nyingine, kama tembo la mnazi, ina taratibu zake za kibali na inauzwa mchana kweupe. Na hatari zake siyo sawa, mpishi wa gongo asipomwaga yale matone ya mwanzo anaweza kukudhuru vibaya, wakati uraka ukiuacha sana kitakachokupata ni uchachu. Sasa wewe umekuja siku mbili kuogelea, umemwita mama wa watu mpika gongo mbele ya barabara, Jumapili umeondoka, yeye kabaki pale.

Alitupimia kwa kikombe cha bati. Mweupe unaokwenda kwenye njano, povu jembamba, mtamu mwanzoni halafu ule ukakasi wa bibo unashika ulimi na koo. Na angalia shati, doa la bibo halitoki.

Kwa hiyo ukija msimu wa mabibo, kuanzia kama Oktoba hivi, ukamkuta bibi na ndoo zake, msalimie kwanza, halafu uliza, "Bibi, uraka wa leo au wa jana?" Wa leo ni karibu juisi. Wa jana umeshakomaa, kunywa umekaa. Wa juzi atakwambia mwenyewe ni wa kutilia kachumbari.