Eti Cré na Cille haitafsiriki?
Kuna hii stori ya miaka mingi eti riwaya ya Máirtín Ó Cadhain, Cré na Cille, haitafsiriki, kwamba Kiairishi chake ni kizito mno. Sio kweli jamani. Ilitoka 1949, Wanorwe wakaitafsiri 1995, Wadenishi 2000, Kiingereza ndo kikachelewa mpaka 2015, na mwaka uliofuata ikaja tafsiri nyingine ya Kiingereza. Ugumu upo, maana wahusika wote ni marehemu wanasengenyana makaburini na kitabu kizima ni maneno yao tu.

Na mwandishi mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule kutoka Connemara, magharibi mwa Ireland, akafukuzwa kazi 1936 sababu ya kuwa mwanachama wa IRA (kundi la wapiganaji lililopinga utawala wa Uingereza huko Ireland), akawekwa kizuizini kambi ya Curragh, halafu huyohuyo akaja kuwa profesa chuo kikuu cha Trinity, Dublin!