Turiya si ngazi ya nne

Mandukya Upanishad, andiko la Kihindu lenye mafungu 12 tu, hutaja hali tatu, yaani kuwa macho, kuota na usingizi mzito, kisha turiya, yaani “ya nne”. Basi wengi hudhani turiya ni hali nyingine, ya kufikiwa ukishapita usingizi. Sivyo. Kwa wanafalsafa wa Advaita Vedanta, tapo moja la falsafa ya Kihindu, hiyo ni nafsi yenyewe, atman, iliyomo katika zote tatu bila kubadilika.

Hoja yao naipenda kwa wepesi wake: ukiamka husema, “Nililala fofofo, sikujua kitu.” Nani basi alishuhudia huko kutojua? Ndoto hazikuwepo, mwili ulisahaulika, shahidi akabaki. Wabudha hawakubali, maana kwao hakuna nafsi ya kudumu.