Bunge la North Dakota huamuliwa Juni

Tarehe 5 Oktoba 2020, mfugaji mmoja wa karibu na Bismarck, mji mkuu wa jimbo la North Dakota, Marekani, David Andahl, alifariki kwa korona akiwa na umri wa miaka 55. Alikuwa mgombea wa chama cha Republican katika wilaya ya 8, akiwania kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo la North Dakota. Karatasi za kura zilikwisha kuchapishwa, na kura za mapema zilikuwa zimeanza kupigwa, kwa hiyo jina lake likabaki palepale. Novemba 3 watu wakapiga kura, zikahesabiwa, na marehemu akashinda.

Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama kichekesho. Kwetu sisi tunaofundisha mifumo ya uchaguzi, ilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu swali lililofuata lilikuwa zito: kiti kimechukuliwa na mtu ambaye hayupo, sasa nani anamweka mwingine? Gavana, chama, au wapiga kura? Jibu lililopatikana linaeleza mengi kuhusu namna mabunge ya majimbo ya vijijini Marekani yanavyopatikana, na kwa nini anayesubiri Novemba ili kujua mshindi mara nyingi amechelewa kwa miezi mitano. Nitalirudia jibu hilo baada ya kueleza bunge lenyewe.

North Dakota iko kaskazini kabisa, mpakani na Kanada. Ukubwa wake ni karibu theluthi moja ya Kenya, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 779,094 tu. Kaunti ni 53. Kaunti ya Cass, yenye jiji la Fargo, ilikuwa na watu 184,525, na kaunti ya Slope, kule kusini magharibi, watu 706. Ngano, soya, alizeti na ng'ombe ndiyo maisha ya sehemu kubwa ya jimbo, na upande wa magharibi kuna mafuta ya Bakken.

Jimbo limegawanywa katika wilaya 47 za uchaguzi. Kila wilaya hutoa seneta mmoja na wawakilishi wawili, jumla wabunge 141. Ukigawanya, kila wilaya ina watu kama 16,500 hivi. Mbunge wa jimbo la uchaguzi Tanzania huwakilisha kwa wastani watu zaidi ya laki mbili, kwa hiyo pima mwenyewe tofauti. Mbunge wa North Dakota hukutana na wapiga kura wake kwenye kituo cha kuuzia nafaka, kanisani, au kwenye mechi ya watoto wa shule, na akipiga kura ya ovyo kuhusu kodi ya ardhi ataulizwa kabla hajashuka kwenye gari.

Wengi wa wabunge hao wana kazi nyingine. Bunge hukutana mwaka wa namba witiri, kuanzia Januari, na katiba inaruhusu siku 80 tu za vikao katika kila kipindi cha miaka miwili. Januari North Dakota ardhi imeganda, shamba halilimiki, na mkulima anaweza kukaa Bismarck bila hasara kubwa. Ratiba hii inamfaa mkulima na mstaafu. Mwalimu au muuguzi mwenye mshahara wa mwezi hawezi kuaga kazini kwa miezi minne, na hilo, kwa maoni yangu, linachuja wagombea kuliko kanuni yoyote iliyoandikwa.

Mipaka ya wilaya huchorwa upya kila baada ya sensa, na wanaoichora ni wabunge wenyewe. Kaunti za mashambani zinapopungukiwa watu, wilaya zake hunyooshwa zikameza kaunti tatu, nne au zaidi. Fargo inapokua, viti huhamia huko. Kaunti ya McKenzie, yenye visima vya mafuta, iliongezeka watu zaidi ya maradufu kati ya 2010 na 2020, nayo ikapata uzito wake.

Juni

Muhula wa mbunge ni miaka minne, lakini hawachaguliwi wote kwa pamoja. Wilaya zenye namba shufwa huchagua mwaka wa uchaguzi wa rais, kama 2024, na zenye namba witiri miaka miwili baadaye. Kwa Baraza la Wawakilishi, karibu kila mahali mpiga kura ana kura mbili kwa sababu viti ni viwili. Halazimiki kuzitumia zote. Mwenye mgombea mmoja anayempenda sana anaweza kumpa kura moja na kuiacha ya pili, asije akampandisha mshindani wa mtu wake.

Njia ya kufika kwenye karatasi ya kura huanzia mwanzoni mwa mwaka, katika mkutano wa chama wa wilaya. Hapo wanachama wachache, pengine wanaojaza ukumbi mmoja, humpitisha mgombea wao. Asiyepitishwa anaweza kukusanya saini za asilimia moja ya wakazi wa wilaya, yaani 160 na kitu, akaingia kwenye mchujo bila baraka za chama. Mchujo hufanyika Jumanne ya pili ya Juni.

Mchujo huu ndio uchaguzi wenyewe. Baada ya uchaguzi wa 2024, Republican walishika viti 42 kati ya 47 vya Seneti na 83 kati ya 94 vya Baraza la Wawakilishi. Katika wilaya nyingi, aliyepita Juni kwa tiketi ya Republican ameshapita. Tanzania tunazijua wilaya ambazo kura za maoni za chama ndizo zinazoamua mbunge, na Kenya mchujo wa chama chenye ngome hufanya kazi hiyohiyo.

Kuna tofauti moja kubwa. North Dakota haina daftari la wapiga kura. Ni jimbo pekee Marekani lisilo nalo, tangu 1951. Kwa kuwa hakuna kujiandikisha, hakuna pia orodha ya serikali inayosema nani ni mwanachama wa chama gani. Juni unapewa karatasi yenye safu za vyama, unachagua safu moja na kubaki ndani yake. Ukivuka kwenda safu nyingine, kura zako za vyama zimeharibika. Kwa hiyo mtu wa Democratic anayejua kwamba chama chake hakitashinda wilayani kwake anaweza kihalali kupiga kura katika safu ya Republican na kusaidia kuchagua kati ya mkali na mpole. Kuna wanaoona huko ni kuingilia nyumba ya wenyewe. Mimi naona ni haki ya mtu kutaka kauli juu ya mbunge atakayemtungia sheria, lakini naelewa kwa nini viongozi wa chama hawalipendi.

Sasa turudi wilaya ya 8. Juni 2020, Andahl na mwenzake Dave Nehring walimwangusha Jeff Delzer, mwenyekiti wa kamati ya matumizi ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, mmoja wa watu wenye nguvu kuliko wote katika bunge lile. Gavana Doug Burgum, ambaye ni wa chama chao hicho hicho na tajiri wa programu za kompyuta, hakuelewana na Delzer, na mwaka ule alitoa mamilioni ya dola zake kwa kamati iliyowapigia debe wapinzani wa wabunge wa aina ya Delzer. Juni ikamwondoa Delzer. Oktoba Andahl akafariki.

Gavana alisema nafasi iko wazi, akamteua mtu wake kutoka sekta ya makaa ya mawe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Wayne Stenehjem, naye wa Republican, alikuwa ameshatoa maoni kwamba marehemu akipata kura za kutosha amechaguliwa, na kiti kinachobaki wazi hujazwa na kamati ya chama chake katika wilaya. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na Novemba 24 gavana akashindwa. Kiti kikaenda kwa Jeff Delzer, chaguo la kamati ya wilaya.

Kisheria sioni pa kuilaumu mahakama. Sheria iliipa mamlaka kamati na si gavana. Lakini mtu ambaye wapiga kura walimkataa Juni alirudi kwenye kiti kilekile kwa uamuzi wa kamati. Wapiga kura wa Novemba, walioenda kwa maelfu, waliishia kuwapa wanakamati wachache kazi ya kuchagua.

Walipochukua bunge wakulima

Nguvu ya Juni ilionekana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakati huo bei ya ngano ya North Dakota ilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa Minneapolis na kampuni za reli. Mwaka 1915 Arthur Townley, mkulima wa kitani aliyefilisika, alianza kuzunguka mashamba akiwaandikisha wakulima katika umoja ulioitwa Nonpartisan League. Umoja haukuanzisha chama. Uliingia kwenye mchujo wa Republican, ukasimamisha wakulima wake, ukakiteka chama kutoka ndani. Mwaka 1916 mkulima Lynn Frazier akawa gavana, na Baraza la Wawakilishi likawa la wakulima.

Seneti haikuwa yao, kwa sababu nusu tu ya maseneta walikuwa wamechaguliwa mwaka ule. Waliobaki na miaka miwili ya muhula ndio waliozuia mipango ya umoja katika kikao cha 1917. Hapo ndipo unapoona kazi ya kuchagua wabunge kwa zamu: upepo wa mwaka mmoja hauwezi kuling'oa bunge zima. Wakulima walirudi tena 1918, wakachukua nyumba zote mbili, na kikao cha 1919 kikaunda Benki ya North Dakota na kinu cha nafaka cha serikali. Kinu kilifunguliwa Grand Forks mwaka 1922 na kinasaga ngano hadi leo. Benki nayo ipo, na ni ya pekee ya namna yake kwa majimbo yote 50. Frazier mwenyewe aliondolewa madarakani kwa kura ya wananchi mwaka 1921. Mwaka 1956 umoja uliungana na Democratic, ndiyo maana chama hicho huko huitwa Democratic-NPL.

Anwani

Kutokuwa na daftari hakumaanishi kila mtu anapiga kura kwa urahisi. Kituoni unaonyesha kitambulisho chenye jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani ya makazi. Katika maeneo ya Wahindi Wekundu, nyumba nyingi hazikuwa na namba wala jina la mtaa, na watu walitumia sanduku la posta. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ya nchi ilikataa kusimamisha sharti hilo, wiki chache kabla ya uchaguzi. Serikali za makabila zikakesha zikitoa vitambulisho vipya vyenye anwani, bure. Mwaka huohuo, katika wilaya ya 27 jijini Fargo, Ruth Buffalo wa taifa la Mandan, Hidatsa na Arikara alimshinda Randy Boehning, mbunge aliyekuwa mdhamini mkuu wa sheria ya vitambulisho. Mwaka 2020 jimbo lilipatana na makabila mahakamani: asiye na namba ya nyumba anaweza kuonyesha kwenye ramani mahali anapoishi.

Mgogoro wa mipaka ulifuata. Makabila ya Turtle Mountain na Spirit Lake yalisema ramani ya 2021 imegawanya kura zao, na mwaka 2023 jaji wa shirikisho akakubaliana nao. Mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2025 bila kuigusa ramani yenyewe. Ilisema watu binafsi hawana haki ya kushtaki kwa sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura. Julai 2025 Mahakama ya Juu ya nchi ikazuia uamuzi wa rufaa usitekelezwe kwa muda.

Wapo pia wasomaji wetu wanaoishi Fargo na Grand Forks, wengi wao kutoka Kongo, walioingia kama wakimbizi na baadhi sasa ni raia. Kwao haya si habari za mbali. Asiye raia haruhusiwi kabisa kupiga kura, na katiba ya jimbo ilirekebishwa 2018 kusema hivyo kwa uwazi. Ukijaribu unahatarisha hadhi yako ya uhamiaji. Aliye raia anatakiwa awe ameishi katika eneo la kituo chake kwa siku 30. Ukihama nyumba, badilisha anwani kwenye leseni au kitambulisho mapema. Kama hujabadilisha, bili ya umeme au taarifa ya benki yenye anwani mpya inakubaliwa pamoja na kitambulisho. Ukifika bila kitambulisho, omba kura ya kuwekwa pembeni, kisha ukipeleke kabla bodi ya kaunti haijakutana kuthibitisha matokeo. Wilaya nyingi za Fargo, kama 11, 21, 27, 41 na 45, ni witiri, kwa hiyo zamu yake ni 2026, na mchujo wake ni Juni 9.